Cantalach: gubu la Kiayalandi na sarufi yake

Wiki ya tatu ya darasa la jioni la Kiayalandi, hapa Galway, magharibi mwa Ayalandi, mwalimu aliniuliza habari za siku hiyo. Mvua ilikuwa imeninyeshea tangu kituo cha basi, zamu ya kazini ilikuwa imenichosha, na kusema kweli nilikuwa nimenuna. Nikaona hapa ndipo pa kulitumia neno nililolikariri jana yake. Nikajibu kwa kujiamini: "Is duine cantalach mé."

Darasa likacheka. Mwalimu akauliza, kwa upole tu, kama nyumbani kwangu nao wanasema hivyo. Kumbe sikuwa nimesema kwamba leo nimeamka vibaya. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima wenzangu na kujitangaza kuwa mimi ni mtu mwenye gubu, jana, leo na siku zote. Sentensi haikuwa na kosa hata moja la sarufi, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku hiyo neno hili nimelishikilia. Nimeona pia kwamba anayelielewa vizuri amekwisha kupita vikwazo karibu vyote vya vivumishi vya Kiayalandi, kwa sababu kila kanuni inayowatesa wanafunzi inaligusa. Matamshi yake ni kama "kantalakh", mkazo ukiwa mwanzoni, na hiyo "ch" ya mwisho ni ile "kh" ya mzee wa Unguja anapotaja kheri au Khamis.

Maana yake kwanza. Cantalach ni yule anayenung'unika, haridhiki, na kitu kidogo humchokoza. Mtoto anayeota meno, halali na hataki kushikwa, ni cantalach. Mzee aliyecheleweshewa chai yake naye ni cantalach. Hasira ya kurusha sufuria haimo humu, maana ile ina neno lake, "feargach". Mimi huifasiri kwa gubu, au kisirani ikiwa ni ya asubuhi, ingawa gubu letu lina kinyongo kidogo ndani yake na neno la Kiayalandi lina kilio zaidi. Mtu wa cantal anataka uyasikie malalamiko yake.

Neno lina vipande viwili. "Cantal" ni nomino, lile gubu lenyewe. "-ach" ni kiambishi tamati kinachofanya kazi ya "-enye" yetu: "brón" ni huzuni na "brónach" ni mwenye huzuni, "fearg" ni hasira na "feargach" ni mwenye hasira, "pus" ni mdomo, hasa uliobenuliwa, na "pusach" ni yule aliyeubenua. Kiambishi hicho hicho huwataja watu kwa nchi zao. Éireannach ni Mwayalandi, Albanach ni Mskoti, na mimi ni Tansánach. Jioni ile ya mvua, basi, nilikuwa Tansánach cantalach, mwenye Tanzania na mwenye gubu, vyote kwa kiambishi kimoja.

Turudi kwenye aibu yangu. Kiayalandi kina njia mbili za kusema "kuwa", na hazibadilishani. "Is" (hutamkwa "is", kama ilivyoandikwa) huunganisha mtu na kile alicho: ni mwalimu, ni Mtanzania, ni mtu wa namna fulani. "Tá" hueleza hali aliyonayo: yuko wapi, ana nini, leo yukoje. Wataalamu wa historia ya lugha wanaufuatilia mzizi wa "tá" hadi kwenye maana ya kusimama, na ukilijua hilo mambo yanakuwa mepesi. Nilipaswa kusema "Tá mé cantalach", yaani hapo ndipo niliposimama kwa sasa, na kesho huenda nikasimama kwingine. "Is duine cantalach mé" ilinigonga mhuri.

Kiswahili hakihitaji vitenzi viwili kwa kazi hii, kwa sababu kina "-me-". Tukisema "amenuna", "amekasirika", "amevimba", kila msikilizaji anajua kuna wakati alianza na kuna wakati ataacha. Tukisema "ni mkorofi", hapo tumemaliza naye. Tofauti ni ile ile. Wao wameiweka kwenye uchaguzi wa "kuwa", sisi tumeiweka kwenye njeo. Ningelifikiri Kiswahili jioni ile nisingekosea. Nilikuwa nafikiri Kiingereza, ambacho hapa kina "kuwa" moja tu na hakikusaidii kitu.

Baada ya "tá" kuna zawadi: kivumishi hakibadiliki kabisa. Tá sé cantalach, yeye mwanamume amenuna. Tá sí cantalach, yeye mwanamke amenuna. Tá na páistí cantalach, watoto wamenuna, wote, na kivumishi hakijui kama ni mmoja au ni kumi. Kwetu sisi tuliozoea upatanisho hadi mwisho wa sentensi (mtoto ni mkali, watoto ni wakali, kisu ni kikali) hili linatia wasiwasi. Unahisi kuna kitu umesahau. Hujasahau. Katika Kiayalandi cha kale kivumishi kilipatana hata hapo, lakini mazoea hayo yalikufa.

Kinapoambatana na nomino, hata hivyo, mambo hugeuka, na hapa ndipo wengi huacha darasa.

Mwanamume mwenye gubu ni "fear cantalach". Mwanamke mwenye gubu ni "bean chantalach". Angalia herufi ya kwanza: k imekuwa kh. Nomino ikiwa ya kike, katika umoja, konsonanti ya kwanza ya kivumishi kinachoifuata hulainishwa. Wenyewe huita "séimhiú", ulainishaji, na kwa maandishi ya leo huonyeshwa kwa "h" inayobanwa baada ya konsonanti. Katika chapa ya zamani ya Kigaeli walikuwa wakiweka nukta juu ya herufi, "bean ċantalaċ", na kwa maoni yangu ile ilikuwa safi zaidi, kwani neno lilibaki na umbo lake na mabadiliko yakakaa juu kama kofia. Maneno yaliyojaa "h" yanayowatisha wageni ni matokeo ya kuhamia herufi za kawaida za Kirumi.

Usidhani lakini kwamba jinsia ya nomino ni jinsia ya mtu. "Cailín" ni msichana, na kisarufi ni neno la kiume, kwa sababu mwisho wake "-ín" ni wa udogishaji na haukufuata mwili. Kwa hiyo ni "cailín cantalach", bila kulainisha. "Stail" ni farasi dume aliyekamilika, na kisarufi ni neno la kike: "stail chantalach". Kiswahili kilikutana na mtego huo huo kikaamua kinyume. Kijana na kiziwi wana umbo la ki-vi, lakini tunasema kijana mkali, kiziwi mkali, kwa kuwa ni watu. Sisi tukaona uhai una nguvu kuliko umbo. Wao, kwenye kivumishi, wakaliachia umbo litawale, ila wakifika kwenye kiwakilishi wanakumbuka kwamba msichana ni msichana na kumwita "í", yeye wa kike.

Sasa mpe mwanamume huyo koti. Koti la mwanamume mwenye gubu ni "cóta an fhir chantalaigh". Mengi yametokea kwa mkupuo. "Fear" limekuwa "fhir" kwa sababu liko katika hali ya umiliki, na "fh" haitamkwi kabisa, kwa hiyo unasikia "an ir". Kivumishi nacho kimebadilika pande zote mbili: mbele kimelainika, nyuma "-ach" imekuwa "-aigh". Huo mwisho, mtu wa kusini, Munster, huutamka "ig" yenye g inayosikika. Huku kwetu magharibi, Connacht, utasikia irabu tu. Koti la mwanamke mwenye gubu ni "cóta na mná cantalaí". Mbele hakuna ulainishaji, nyuma "-ach" imekuwa "-aí".

Umeona kilichotokea? Katika hali ya kawaida ni wa kike anayelainisha na wa kiume halainishi. Katika umiliki wamebadilishana. Nilipofika hapa nilifunga daftari. Ilionekana kama mtu alikaa akatunga kanuni kwa kisirani chake mwenyewe.

Katika wingi inazidi. Wanaume wenye gubu ni "fir chantalacha", kwa kulainisha. Wanawake wenye gubu ni "mná cantalacha", bila kulainisha. Wavulana ni "buachaillí cantalacha", bila, ingawa nao ni wanaume. Kanuni ya vitabuni inasema: lainisha ikiwa wingi wa nomino unaishia na konsonanti nyembamba, yaani ile inayotamkwa kwa ulimi ulioinuliwa na ambayo katika maandishi hutanguliwa na "i". "Fir" ni nyembamba, "capaill" (farasi) ni nyembamba, kwa hiyo "capaill chantalacha". Inafanya kazi. Lakini kanuni inayofanya kazi bila kutoa sababu hainikai kichwani, na sababu ipo. Kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Anza nyumbani. Mtu wa bara akisema "paa" la nyumba na "paa" mnyama, utasikia neno moja. Mwambie mtu wa Mombasa au wa Lamu ayaseme, na sikio lako likae karibu na mdomo wake. Paa wa mwituni hutoka na pumzi baada ya "p". Paa la nyumba halina pumzi. Pumzi hiyo ni mabaki. Zamani mnyama huyo alikuwa na kiambishi cha N mbele yake, kama walivyo wenzake wa ngeli ya N. N ikafa, lakini kabla ya kufa iliacha alama kwenye konsonanti iliyokuwa nyuma yake. Mahali pengine iliacha alama inayosikika na kila mtu: mti mrefu, lakini nyumba ndefu. Hakuna aliyekaa akatunga kwamba "r" igeuke "nd". Sauti mbili zilikutana, zikagusana, na mguso ukabaki.

Kiayalandi kilifanya jambo la aina hiyo, ila kwao kilichokufa kilikuwa mwisho wa nomino, si mwanzo wake. Miaka elfu moja mia tano iliyopita na zaidi, nomino zake zilikuwa na miisho kama ya Kilatini. Wataalamu wanakisia kwamba "fear" lilikuwa "wiros", na "bean" lilikuwa "benā". Sasa weka kivumishi baada ya kila moja. Baada ya "benā", konsonanti ya kivumishi imebanwa kati ya irabu mbili, na konsonanti iliyobanwa hivyo hulegea: k inakuwa kh. Baada ya "wiros" kuna "s" inayosimama mlangoni, na konsonanti inabaki ngumu. Hali ya umiliki ilikuwa "wirī", mwisho irabu, basi lainisha. Umiliki wa kike uliishia na "s", basi usilainishe. Wingi wa wanaume ulikuwa tena "wirī", lainisha. Wingi wa wanawake uliishia na "s", usilainishe. Kisha miisho yote ikaanguka. Ikabaki "fear", ikabaki "bean", na konsonanti za jirani zao zikiwa zimekwisha kulegea au kukaza. Kisirani nilichokiona kwenye kanuni kilikuwa ni kumbukumbu ya irabu zilizokufa.

Hata "i" nyembamba ya "fir" inaelezeka hapo hapo: ile "ī" ya mwisho, kabla ya kuondoka, iliuvuta ulimi juu. Ndiyo maana neno moja, "fir", hutumika kwa umiliki wa umoja na kwa wingi. Yalikuwa yanafanana tangu zamani.

Na irabu hiyo bado inaonekana kwa macho. Kote kusini mwa kisiwa hiki kuna mawe yaliyochongwa mistari kwenye kingo zake, maandishi yanayoitwa Ogham, mengi yakiwa ya karne ya 4 hadi ya 6. Hutaja mtu fulani mwana wa fulani, na neno linalorudiwa jiwe baada ya jiwe ni MAQI, "ya mwana". Leo mwana ni "mac" na umiliki wake ni "mic". Hiyo I iliyochongwa kwenye jiwe ndiyo iliyoufanya umiliki wa mwana mwenye gubu uwe "mic chantalaigh". Mwanafunzi akinuna kwamba haoni kwa nini "c" ipewe "h", apelekwe akaliguse jiwe.

Ya kulinganisha nitayapitia haraka. Mwenye gubu zaidi ni "níos cantalaí": "Tá sé níos cantalaí ná a dheartháir", amemzidi kaka yake kwa gubu. "Cantalaí" hiyo ni ile ile ya umiliki wa kike, kwa hiyo ukishaijua umepata mbili kwa bei ya moja. Katika vitabu vya zamani utaikuta ndefu, "cantalaighe". Marekebisho ya tahajia ya katikati ya karne ya 20, na kisha sarufi rasmi iliyotolewa mwaka 1958, yalizikata herufi ambazo hazikuwa zikisikika. "Níos" nayo ukiipasua utapata "ní", kitu, na "is", ambacho ni. Ukisimulia ya zamani unaweza kuipa wakati wake: "Bhí sé ní ba chantalaí", alikuwa na gubu zaidi, neno kwa neno kitu kilichokuwa. Hata kulinganisha kuna njeo.

Anayeona haya yote ni mzigo ana njia ya pembeni, inayoitwa "crosta". Maana yake iko karibu: mtu aliyenuna, mwenye maneno makali, na mara nyingi mtoto mtundu asiyesikia. Linaishia na irabu, na vivumishi vinavyoishia na irabu, ukiacha viwili vitatu vikaidi, havibadiliki nyuma. Fear crosta, fir chrosta, cóta na mná crosta: ulainishaji wa mbele utaufanya, lakini mwisho umetulia. Ni kama "hodari" na "safi" kwetu, vivumishi vilivyokuja na masharti yao na hakuna aliyevibishia. Mtu hodari, watu hodari. Nakiri nimeshawahi kumwita mtu "crosta" kwa sababu tu sikuwa na uhakika na mwisho wa "cantalach".

Kuna njia nyingine tena, na hii ndiyo ya wenyeji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 71,968 wanaozungumza Kiayalandi kila siku nje ya shule, kwa hiyo huwezi kutegemea kukisikia dukani mjini. Unapanda basi kuelekea magharibi, upande wa Conamara, au unakuwa na bahati ya jirani. Mimi nina jirani, bibi wa huko, ambaye akinisikia nikijifunza kwa sauti hunirekebisha kupitia uani. Nilipomwambia "Tá mé cantalach" alikubali kwamba nimepatia. Kisha akaniambia yeye angeacha kivumishi, angesema "Tá cantal orm". Neno kwa neno: gubu liko juu yangu.

Hivyo ndivyo wanavyozungumza juu ya mambo mengi yanayompata mtu bila kuyaita. Tá fearg orm, hasira iko juu yangu. Tá brón orm, huzuni iko juu yangu, na ndiyo namna ya kuomba radhi. Tá ocras orm, nina njaa. Hata ule mdomo uliobenuliwa: "Tá pus air", mdomo uko juu yake. "Juu ya" na mtu huungana kuwa neno moja: orm juu yangu, ort juu yako, air juu yake wa kiume, uirthi juu yake wa kike, orainn juu yetu, oraibh juu yenu, orthu juu yao. Hapa kivumishi hakipo, kwa hiyo hakuna cha kulainisha wala kupatanisha. "Cantal" imetulia na mtu ndiye anayebadilika.

Mswahili hapati shida hapa. Kwetu hasira hupanda: zimenipanda. Hushika: amemshikwa na hasira, husema mtoto anayejifunza kuongea, na mkubwa humsahihisha, ameshikwa. Sisi nasi tunajua hisia ni mgeni anayekuja na kuketi juu ya mtu. Na kama zetu zinavyoshuka, zao huondoka kwa kihusishi cha kutoka: "D'imigh an fhearg díom", hasira imenitoka.

Kwa hiyo mtu akikuona uso umeukunja, mtu wa Conamara hakuulizi una nini. Anakuuliza kilichokukalia: "Céard atá ort?" Ni nini kilicho juu yako? Bibi aliniuliza hivyo Jumamosi, alipoona natoa takataka bila kusalimia. Nilikuwa na kila kitu tayari: nomino, kivumishi, umiliki wa kike, hata njeo ya kulinganisha. Nikamjibu kama anavyojibu kila aliyenuna, kwa neno moja.

"Tada."

Hamna kitu.